Kabla hujasaini, soma kifungu cha vikwazo

Leo hakuna video. Nimeandika, kwa sababu hii story inataka kusomwa polepole, na kuna maneno ndani yake ambayo siku moja yatakuwa kwenye mkataba wako.

Wenye mnanifuata mnajua mimi hula kwa kukata video za watu. Mwaka jana nilipata kazi kutoka kwa shule ndogo ya dansi, iko nchi moja ya Umoja wa Ulaya. Walikuwa wamefanya usiku wa salsa, wakarekodi masaa manne, sasa wanataka video moja ya dakika tatu na vipande sita vya kuweka kwa simu. Bei ilikuwa dola 640. Kwa pesa zetu hiyo ni kama elfu 82. Nilikesha usiku tatu, nikatuma kazi, wakaipenda, nikatuma invoisi. Kwenye mstari wa maelezo nikaandika jina la hiyo shoo yao, vile ilikuwa kwenye bango. Hilo jina lilikuwa na neno Cuba ndani yake.

Basi. Hapo ndipo doo ililala.

Mteja alilipa siku hiyo hiyo, na risiti akanitumia. Mimi kwa simu naona tu ujumbe kwamba malipo yamesitishwa kwa ukaguzi. Siku tatu, kimya. Wiki moja, kimya. Wiki ya pili mwenye nyumba akanipata kwenye ngazi. Nikamwambia, "Mzee, pesa iko, imekwama tu njiani." Akanitazama, akasema, "Kijana, dawa ya deni ni kulipa." Nitamwambiaje kwamba kodi yake imeshikwa kwa sababu watu walicheza salsa Ulaya?

Nilipomwandikia mteja, alinijibu kwa upole kabisa: pole sana, lakini tafadhali angalia kifungu cha 17 cha mkataba. Nikaangalia. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja na mimi nilikuwa nimesoma mbili, ile ya bei na ile ya kusaini. Kifungu cha 17 kilisema hivi kwa ufupi: mteja halazimiki kulipa iwapo malipo yanaweza, kwa maoni yake, kumweka kwenye hatari ya vikwazo vya nchi yoyote.

Soma tena hiyo sentensi. "Yanaweza." "Kwa maoni yake." "Nchi yoyote." Nilikuwa nimesaini kwamba mtu akiingiwa na baridi, mimi ndiye nitakohoa.

Nina binamu anasomea sheria. Alinicheka kwanza, halafu akanifungulia mlango wa mambo ambayo sikujua yapo. Nimesoma tangu hapo, na leo nataka kuwaambia nimefika wapi. Maoni yangu ni haya: serikali kubwa zinapogombana kuhusu nani afanye biashara na nani, ugomvi hauishii kwao. Unateremka hadi kwenye mkataba, unateremka tena hadi kwa mtu wa mwisho mwenye hakusoma. Na kitu cha kumsaidia huyo mtu ni maneno ya mkataba wenyewe. Sheria za wakubwa humfikia zikiwa zimechoka.

Tuanze na hiyo dola. Mtu wa Ulaya akinilipa mimi Nairobi kwa dola, unadhani pesa inatoka kwao inakuja kwetu moja kwa moja. Hapana. Mara nyingi dola hupitia benki iliyo Marekani, kwa sababu benki za nchi nyingine huweka akaunti zao za dola huko. Ikigusa Marekani, inakuwa chini ya sheria za Marekani. Na Marekani imeiwekea Cuba vikwazo vya biashara tangu 1962. Kompyuta za benki zinachuja majina ya nchi na watu waliowekewa vikwazo. Hiyo kompyuta haijui salsa ni nini. Imeona Cuba, imefunga mlango.

Na usidhani benki zinaogopa bure. Mwaka wa 2014 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilikubali makosa na kulipa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha pesa za Sudan, Iran na Cuba kwenye mfumo wa Marekani, na sehemu ya kosa ilikuwa kuficha majina kwenye karatasi za malipo ili yasionekane. Tangu hapo benki nyingi hazitaki hata harufu. Afadhali zikushikie elfu 82 yako mwezi mzima kuliko zijieleze Washington.

Sasa unauliza, kwani nchi zingine zimekaa tu? Hapana. Na hapa ndipo story inakuwa tamu.

Mwaka wa 1996 Marekani ilipitisha sheria mpya ya kuibana Cuba, inaitwa Helms-Burton. Hii haikuwabana Wamarekani peke yao. Iliwafikia pia watu wa nchi zingine wanaofanya biashara na mali ambayo serikali ya Cuba ilichukua baada ya mapinduzi. Kanada, Mexico na Umoja wa Ulaya wakasema hiyo haiwezekani: wewe Marekani huwezi kutunga sheria ya kuamrisha watu wetu ndani ya nchi zetu. Wote watatu wakaweka sheria za kujikinga. Ya Ulaya ilipitishwa Novemba 1996, na namba yake ni 2271/96. Kwa lugha rahisi, sheria kama hii huiambia kampuni ya nyumbani: ukitii vikwazo vya yule jirani, sisi ndio tutakushtaki. Mimi naziita sheria za ngao.

Kesi ninayoipenda ni ya pajama. Ndiyo, nguo za kulalia. Mwaka wa 1997 maduka ya Wal-Mart huko Kanada yalikuwa yanauza pajama zilizoshonwa Cuba. Wal-Mart ya Kanada ni mtoto wa Wal-Mart ya Marekani. Sheria ya Marekani inamwambia mzazi: mtoto wako asiuze kitu cha Cuba. Pajama zikatolewa madukani. Sasa Kanada ikaamka: sheria yetu inakataza kampuni ya hapa kutii vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba, na faini inaweza kufika dola milioni 1.5 za Kanada. Ukiuza, umekosea Marekani. Ukitoa, umekosea Kanada. Baada ya muda mfupi pajama zilirudi kwenye rafu.

Nilipoisoma nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikasema, ona, inawezekana! Nchi ikisimama imara, kampuni inarudi mstarini. Kwa siku kama mbili hivi nilikuwa tayari kuja hapa kuwaambia tudai sheria kama hiyo Kenya na Afrika Mashariki nzima.

Halafu binamu yangu akanipa kesi ya pili, na moto wangu ukapungua.

Mei 2018 Rais Trump aliitoa Marekani kwenye makubaliano ya nyuklia na Iran na kutangaza kwamba vikwazo vinarudi. Umoja wa Ulaya haukukubali. Agosti mwaka huo ukaifanyia upya ile sheria yake ya 1996, ukaongeza vikwazo vya Iran kwenye orodha ya vitu ambavyo kampuni za Ulaya zimekatazwa kutii. Kwenye karatasi, ngao iko tayari.

Bank Melli ya Iran ilikuwa na tawi mjini Hamburg, Ujerumani. Tawi hilo lilikuwa mteja wa Telekom Deutschland kwa simu na intaneti, na lilikuwa linalipa bili zake vizuri. Novemba 2018 Marekani ikaiweka benki hiyo kwenye orodha ya vikwazo. Siku chache baadaye Telekom ikatuma barua: tunakata mikataba yote. Haikutoa sababu. Kampuni mama ya Telekom ilikuwa inapata karibu nusu ya mapato yake kutoka Marekani. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaifanya.

Benki ikaenda kortini. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na uamuzi ukatoka Desemba 21, 2021. Mahakama ilisema mambo matatu ninayoyakumbuka. Kwanza, ile sheria ya ngao inakufunga hata kama hakuna ofisa wa Marekani aliyekupigia simu kukuamrisha. Pili, kampuni inaweza kukata mkataba bila kutaja sababu, lakini mambo yakionekana wazi kwamba ilikuwa inatii vikwazo, mzigo unahamia kwake: ithibitishe ilikuwa na sababu nyingine. Tatu, hakimu wa Ujerumani lazima apime pia hasara ambayo kampuni ingeipata ikilazimishwa kuendelea na mkataba.

Ona hiyo ya tatu vizuri. Sheria inasema usitii Marekani. Halafu mahakama inasema, lakini tuangalie kwanza kutotii kutakugharimu kiasi gani. Siilaumu mahakama, nadhani ilikuwa inajaribu kuwa na haki kwa pande zote mbili. Lakini uamuzi ulichukua miaka mitatu, na huyo ni benki, ana mawakili, ana pesa ya kungoja. Mimi nilikuwa na mwenye nyumba kwenye ngazi.

Waswahili walisema mwenye nguvu mpishe. Ulaya, na utajiri wake wote, imeandika sheria ya kukataa kumpisha, na bado kampuni zake kubwa zinapisha kimyakimya, bila kutaja sababu. Ndiyo maana leo sisemi tukimbilie Bunge. Sheria ya ngao ina heshima yake, lakini ngao bila mkono wa kuishika ni sahani tu.

Kabla hujaniambia mimi ni mpinzani wa Marekani, subiri. Kuna sehemu ya hii story ambayo lazima isemwe kwa usawa, na ndiyo sehemu ya kuchekesha zaidi.

Wamarekani wenyewe wana sheria ya ngao, na ni ya zamani kuliko hizo za 1996. Jumuiya ya nchi za Kiarabu ilikuwa imeanza kususia bidhaa za Kiyahudi kutoka Palestina mwaka wa 1945, kisha ikaendelea kuisusia Israel. Kampuni ya kigeni ikitaka kuuza vitu huko, iliombwa kutia sahihi kwamba bidhaa zake hazina kitu cha Israel ndani. Mwaka wa 1977 Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria inayokataza kampuni za Marekani kukubali hayo maombi. Na si kukataa tu: ukiletewa ombi kama hilo lazima uripoti kwa Wizara ya Biashara. Sheria hiyo inafanya kazi mpaka leo. Maana yake nini? Marekani inajua vizuri kabisa uchungu wa nchi ya mbali kuingiza ugomvi wake kwenye mkataba wa mtu wako. Iliukataa. Halafu ikageuka na kuwaambia wengine watii vikwazo vyake. Kwangu huo ni ubaguzi, hata nikijaribu kuuelewa vipi.

Na usifikiri haya ni ya kampuni kubwa peke yake. Texas mwaka wa 2017 ilipitisha sheria kwamba anayetaka mkataba na ofisi ya umma lazima aandike kwamba haisusii Israel na hataisusia wakati wa mkataba. Mwaka wa 2018 mama mmoja aliyekuwa akiwasaidia watoto wa shule wenye shida ya kuongea aliletewa mkataba wa kuendelea na kazi aliyoifanya miaka tisa. Akaisoma ile karatasi. Akaona hiyo sentensi. Akakataa kusaini, akapoteza kazi. Alienda kortini, na Aprili 2019 hakimu wa serikali kuu akasimamisha hiyo sheria kwa muda. Wabunge wa Texas haraka wakaibadilisha ili isiwaguse watu wanaofanya kazi peke yao kama yeye.

Mnaweza kuwa upande wowote kuhusu Israel na Palestina, na najua hapa kuna wa kila upande. Ninachotaka mkione ni kimoja. Huyo mama alisoma karatasi kabla ya kusaini. Ndiyo maana alikuwa na kitu cha kupigania. Mimi nilisaini kwanza, nikasoma baada ya wiki mbili.

Sasa tuje kwa vifungu vyenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipata dawa. Nitawapa kesi mbili za London. Zote mbili zilihusu pesa nyingi kuliko nitakayoiona maishani, na zote mbili zinazungumza na mimi moja kwa moja.

Ya kwanza. Mwaka wa 2012 mzigo wa chuma ulisafirishwa kwa meli kutoka Urusi kwenda Iran. Ukafika, ukawekwa ghalani, ukaibiwa. Mzigo ulikuwa na bima. Mwenye haki ya kulipwa, kampuni inayoitwa Mamancochet, akadai dola milioni 3.8. Wenye bima wakasema hatulipi, mkataba una kifungu cha vikwazo: hatutalipa iwapo kulipa kutatuweka kwenye adhabu au katazo la vikwazo. Tunaogopa Marekani.

Oktoba 2018 hakimu wa London akaamua. Swali lote lilikuwa maana ya neno moja: "kuwekwa kwenye" adhabu. Je, inatosha kuwa kuna hatari kwamba mtu huko Washington anaweza kukasirika? Hakimu akasema haitoshi. Lazima kulipa kwenyewe kuwe kumekatazwa kweli na sheria. Hofu si katazo. Na akaongeza kitu kingine: hata kama kulipa kungekuwa kumekatazwa, deni halingekufa. Lingesimama tu mpaka katazo liondoke.

Niliposoma hapo niliinuka kwenye kiti. Kifungu changu cha 17 hakikusema "limekatazwa". Kilisema "yanaweza", na tena "kwa maoni yake". Wale wa chuma walipona kwa sababu kifungu chao kilikuwa na maneno makali. Changu kilikuwa na maneno ya uoga, na mimi nikayapigia sahihi.

Ya pili. Juni 2016 kampuni ya meli ya Uholanzi, MUR, ilikubaliana na kampuni inayoitwa RTI kubeba boksiti kutoka Conakry, hapo Guinea, mpaka Ukraine. Malipo ni kwa dola. Aprili 2018 Marekani ikaiwekea vikwazo kampuni mama ya RTI. MUR ikasema dola sasa zitakwama, tunasimamisha kazi. RTI ikajibu: sawa, tutawalipa kwa yuro, na gharama ya kubadilisha pesa ni juu yetu. Si hiyo ni haki? MUR ikakataa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na Mei 15, 2024 majaji wakasema MUR ilikuwa na haki ya kukataa. Mkataba ulisema dola. Kufanya bidii ya kutosha kutatua shida hakumaanishi kulazimishwa kupokea kitu ambacho hakikuandikwa.

Mtu anaweza kusema huo ni ukatili. Mimi pia nilisema. Lakini nikifikiria, somo lake ni zuri sana kwa mtu mdogo: kama unataka njia ya pili ya kulipwa, iandike kabla ya mvua. Ukiiomba baada ya mvua, unaomba tu.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti: "Buda, wewe ni msee wa laki moja, nani atakaa chini abadilishe mkataba kwa ajili yako? Ukisumbua, kazi inaenda kwa mwingine." Hiyo hoja ni ya kweli na sitaikimbia. Kuna wateja watakuacha. Kwenye mitandao mikubwa ya kazi, masharti ni ya kubonyeza tu, huwezi kubadilisha hata nukta. Na kuna watu hapa ambao njaa yao ya leo ni kubwa kuliko kifungu chochote. Siwezi kuwahukumu.

Lakini fikiria upande wa pili. Mteja mdogo kama ile shule ya dansi hakuandika kifungu cha 17. Alikitoa mahali, akakibandika. Hakijui kama vile mimi sikukijua. Na kama yuko Ulaya, kifungu kinachoahidi kutii vikwazo vya "nchi yoyote" kinaweza kumgonganisha yeye mwenyewe na ile sheria ya 2271/96. Ujerumani wameenda mbali zaidi: wana kanuni inayokataza mtu wa huko kutoa tamko la kujiunga na mgomo wa nchi moja dhidi ya nchi nyingine, labda tu kama Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya au Ujerumani yenyewe imeweka vikwazo hivyo hivyo. Faini inaweza kufika yuro laki 5. Ndiyo maana mikataba ya kampuni zenye mawakili wazuri huko huwa na mstari unaosema kifungu cha vikwazo kitatumika tu pale ambapo hakivunji hizo sheria. Kwa hivyo ukimwambia mteja wako wa Ulaya arekebishe, humsumbui. Unamsaidia.

Nilifanya nini mimi? Kwanza niambie nilichotaka kufanya. Nilitaka kutuma invoisi mpya isiyo na neno Cuba, kwamba ni "video ya dansi" tu. Binamu yangu akanishika mkono, na akanikumbusha BNP Paribas. Kufuta neno ili kichujio kisione ndiyo tabia iliyowaingiza kwenye shimo. Kazi yangu ilikuwa safi, sikuwa nimeuza kitu chochote Cuba. Nikiificha ndio itaonekana chafu. Kwa hivyo nikafanya kinyume: nikatuma bango la shoo, mkataba, na barua ya mteja ikisema muziki ulikuwa wa Cuba lakini wachezaji, ukumbi na pesa vyote ni vya Ulaya. Siku ya 44 pesa ikaingia. Nilimlipa mwenye nyumba miezi miwili kwa pamoja. Alihesabu noti kimya, halafu akaniuliza kama nimekula.

Shule ya dansi ilirudi na kazi ya pili. Safari hii nilisoma kurasa zote kumi na moja, na niliwaandikia kwamba naipenda kazi yao lakini naomba mambo matatu kwenye kifungu cha 17. Hayo matatu ndiyo nawaachia.

Moja, toa "yanaweza" na "kwa maoni yake". Andika: mteja anaweza kuzuia malipo pale tu ambapo kuyalipa kumekatazwa na sheria inayomhusu. Na sheria hizo zitajwe: ni za nchi gani? "Nchi yoyote" si jibu.

Mbili, andika kwamba malipo yakizuiwa, yamesimama tu, hayajafutika. Siku kizuizi kikiondoka, nalipwa. Kazi nilishaifanya, video wanayo, wanaitumia kila siku.

Tatu, andika njia ya pili. Dola ikikwama, nitalipwa kwa yuro au kwa njia nyingine halali, ndani ya siku fulani, na gharama ya kubadilisha itakuwa juu ya nani.

Walikubali mbili za kwanza bila maswali. Ya tatu walikubali kwa sharti kwamba gharama tugawane. Nikasema sawa. Mazungumzo yote yalikuwa barua pepe nne. Barua nne tu, wasee, na mimi nilikuwa nimekaa siku 44 nikiogopa kupanda ngazi za nyumba yangu mwenyewe.

Cuba na Marekani wanaweza kuendelea na ugomvi wao mpaka wajukuu wetu wazeeke. Ulaya itaendelea kuandika sheria za ngao, na kampuni kubwa zitaendelea kukata mikataba bila kutaja sababu. Hayo siyawezi. Kifungu cha 17 nilikiweza.

Kwa hivyo fanya hivi leo. Fungua mkataba wako wa mwisho, tafuta neno vikwazo, na usome sentensi yote. Kisha uniambie hapa chini imeandikwa "imekatazwa" au imeandikwa "inaweza". Majina ya wateja msitaje, nataka maneno tu. Nitayasoma yote, na wiki ijayo nitakaa na binamu yangu tuyapitie moja moja.